Kabla Droni Haijatoka Begini

Ukiwa Nairobi, usianze na betri. Anza na ramani. Pima umbali wa pale unapotaka kurushia kutoka viwanja vya ndege, kwanza Wilson, kisha JKIA, kisha kutoka kambi ya jeshi la anga pale Eastleigh. Kanuni za droni za 2020 zinataka ukae kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege na 7 kutoka vile vidogo, labda uwe na kibali. Sasa Uhuru Park haifiki hata kilomita 5 kutoka Wilson. Ile video ya jengo la KICC wakati wa machweo, bila kibali, isahau.

Wengi hudhani programu ya simu ya kurushia droni ikikubali kuwasha mota basi sheria nayo imekubali. Wapi! Programu haijui kama droni yako imesajiliwa na mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA, wala kama mwenyewe umetimiza miaka 18. Haijui pia kwamba binamu yako aliyeibeba kutoka ng'ambo alihitaji ruhusa ya kuiingiza nchini.

Watu wa Lang'ata wanajua ndege zinazoelekea Wilson hupita chini kiasi cha kuhesabu magurudumu. Helikopta nazo hazina njia unayoweza kuikariri. Ukisikia mngurumo, shusha kwanza, utatazama baadaye.

Kwa hiyo wengi tunakimbilia vilima vya Ngong, nje ya jiji. Uliza langoni kama droni inaruhusiwa, usisubiri askari akukute nayo hewani. Halafu kuna mtego wa urefu. Kikomo ni futi 400, kama mita 120, kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Lakini namba unayoiona kwenye skrini huhesabiwa kutoka pale uliporushia. Rusha kileleni, ielekeze upande wa Bonde la Ufa: skrini inasema 100, ardhi chini yake imeshashuka, nawe umevunja sheria bila kugusa kijiti cha kupandisha.

Upepo wa huko si wa mchezo. Mitambo ya umeme wa upepo haikujengwa pale kwa urembo. Mara ya kwanza niliiachia droni iende na upepo. Ilikwenda vizuri mno. Kurudi, betri ilifika asilimia 11 ikiwa bado ng'ambo ya korongo, nami nimekauka koo. Siku hizi naanza kwa kuirusha ikikabili upepo, ili wakati wa kurudi upepo uwe unaisukuma.

Mengine ni mafupi: mchana tu, uione kwa macho yako na si kwa skrini, mita 50 kutoka kwa watu, magari na majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Mbuga ya Nairobi iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, bila ruhusa yao usijaribu. Baraza ya jirani pia si mandhari ya kupiga picha. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Na mwewe. Akianza kuizunguka droni, tafuta pa kutua. Usibaki hapo ukimpiga picha.