Kuogelea katika bwawa la umma la jotoardhi nchini Iceland: mambo ya kujua kabla ya kuvua viatu

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Ulaya au Marekani, tunapopanga safari ya Iceland, karibu kila mtu hutuelekeza Bláa Lónið, lile ziwa la maji ya samawati karibu na kituo cha umeme cha Svartsengi, ambalo tiketi yake ni ghali na hukatwa mapema. Ni mahali pazuri, lakini mwongozo huu hauhusu huko. Unahusu sundlaug, yaani bwawa la kuogelea la halmashauri, ambalo hata miji midogo sana ya nchi hiyo inalo, na ambalo kwa mwenyeji ndilo baraza: watu hukutana hapo asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, kiangazi na wakati wa theluji, na mara nyingi bila paa juu ya vichwa vyao.

Linalowezesha hayo ni joto la ardhini. Barabara kuu ya maduka ya mji mkuu Reykjavík, Laugavegur, ilipewa jina hilo kwa sababu ndiyo waliyopita wanawake wakibeba nguo kwenda kuzifua katika chemchemi za moto za bonde la Laugardalur. Mwaka 1930 maji ya bonde hilo yalianza kupelekwa mjini kwa bomba ili kupasha joto shule, hospitali na nyumba kadhaa, na bwawa la ndani la Sundhöllin, lililofunguliwa mwaka 1937, lilijengwa kwa kutegemea maji hayo. Leo takribani nyumba tisa kati ya kumi nchini humo hupata joto kutoka ardhini. Ukifungua bomba la maji ya moto hotelini ukasikia harufu ya yai viza, usilalamike mapokezini: ni gesi ya salfa inayosafiri na maji, haina madhara kwa kiwango hicho, ila hufanya fedha kuwa nyeusi, kwa hiyo vua pete na mikufu ya fedha uiache chumbani.

Msafiri wetu hasumbuliwi na maji. Husumbuliwa na bafu. Kanuni za afya za Iceland zinamtaka kila mtu aoge uchi, kwa sabuni, kabla ya kuvaa vazi la kuogelea, na mabafu mengi ni ya pamoja, wanaume upande wao (Karlar) na wanawake upande wao (Konur). Ukutani kuna bango lenye mchoro wa mwili wa binadamu, nalo linaonyesha kwa rangi sehemu za kusuguliwa zaidi: kichwa, kwapa, sehemu za siri na nyayo. Mara yangu ya kwanza nilisimama chini ya maji nikiwa na kaptura yangu, nikajimwagia haraka haraka, nikageuka kuelekea mlango wa nje. Mzee mmoja aliyekuwa akijisugua kando yangu hakusema neno. Alinyoosha kidole kwenye bango, kisha kwenye kaptura, akaendelea kujisugua. Nilirudi.

Sababu ya kanuni hiyo ikieleweka, aibu hupungua. Klorini huwekwa kidogo katika mabwawa haya, na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini yakikutana nayo huzaa kemikali zinazowasha macho na kutoa ile harufu kali ambayo wengi hudhani ni ya klorini yenyewe. Usafi wa maji basi unategemea usafi wa kila anayeingia. Jambo hili linatugusa sisi hasa, kwa sababu ni nadra kutoka nyumbani bila kujipaka mafuta: siku ya kuogelea usijipake asubuhi, au jisugue mpaka ngozi isiteleze tena, kisha weka kopo la mafuta kabatini ulitumie ukimaliza. Chupi ya pamba chini ya kaptura ya kuogelea haikubaliki. Vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima halina tatizo, maadamu limeshonwa kwa kitambaa cha kuogelea, lakini halimwondolei mvaaji wajibu wa kuoga kwanza. Asiyeweza kabisa kuvua nguo mbele ya wengine aulize mapokezini, kabla ya kulipa, kama kuna sérklefi, yaani chumba cha faragha. Mabwawa makubwa ya Reykjavík yamezoea swali hilo. Kwa kweli hakuna anayekutazama, na simu hazitolewi kabisa katika vyumba hivyo.

Ukishatoka nje, hatua chache kati ya mlango na maji ndizo ngumu kuliko zote, hasa upepo ukivuma. Tembea haraka lakini usikimbie, kwa maana sakafu huweza kuwa na barafu. Bwawa kubwa huwa na nyuzijoto za Selsiasi kama 28 au 29. Kando yake kuna mabeseni madogo ya kukalia, ambayo wenyeji huyaita heitur pottur, maana yake halisi ikiwa chungu cha moto, na kila chungu kina kibao cha joto lake, kwa kawaida kuanzia 38 hadi 42, na pengine 44. Anza na cha 38. Maji ya moto hutanua mishipa ya damu na kushusha shinikizo lake, kwa hiyo anayekaa katika cha 42 kwa nusu saa kisha akasimama ghafla anaweza kuona giza. Dakika kumi zinatosha, kisha toka, unywe maji, upumzike. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito wapate ushauri wa daktari kabla ya safari. Kuna pia beseni la maji baridi sana, ambalo mimi huliachia wanaolipenda.

Chunguni watu huzungumza. Salimu kwa Góðan daginn, ukae, na usishangae ukiulizwa utokako. Ukisema Kenya, huenda mtu akataja Olkaria, kwenye vituo vya umeme wa jotoardhi, kabla yako: programu ya mafunzo ya jotoardhi ilianza kupokea wanafunzi Iceland mwaka 1979, na hakuna nchi iliyopeleka wengi kuliko Kenya.

Asiyejua kuogelea hana sababu ya kubaki hotelini, kwani vyunguni mtu hukaa tu, na kina cha bwawa kubwa huandikwa ukingoni kwa mita. Mtoto wa chini ya miaka 10 lazima aandamane na mtu wa miaka 15 au zaidi, lakini hilo ni la kisheria tu. Mzazi mwenye busara hamkabidhi mtoto asiyejua kuogelea kwa kijana wa miaka 15.

Wakati wa kutoka, kosa la wageni ni kuingia kwenye chumba cha makabati wakichuruzika maji. Taulo huachwa kwenye rafu karibu na mabafu, na mwili hukaushwa hapo hapo, ili sakafu ya kubadilishia ibaki kavu kwa waliovaa soksi. Tafuta pia mashine ndogo ya kukamulia vazi la kuogelea: unalitumbukiza, unabonyeza kifuniko kwa sekunde chache, nalo hutoka likiwa na unyevu kidogo tu. Mwenye misuko atenge muda mrefu zaidi kwenye kikausha nywele kuliko anavyodhani, au avae kofia ya plastiki tangu mwanzo, kwa sababu misuko iliyolowa ikikutana na baridi ya Januari huwa migumu kabla hujafika kituo cha basi.