Omba orodha ya mzio

Kama huli nyama, maziwa wala mayai na uko London au mji wowote wa Uingereza, ukiingia mgahawa wenye matawi mengi omba orodha ya mzio, yaani jedwali linaloonyesha kila chakula chao kina kitu gani kinacholeta mzio, au ifungue kwenye tovuti yao kabla hujatoka nyumbani. Sheria inawabana wataje vyakula 14 vinavyoleta mzio, na humo mna maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii ya kome. Anza na safu ya maziwa, ndiyo inayoondoa vingi: siagi hujificha kwenye mkate wa baga, unga wa maziwa kwenye krispi zenye viungo. Vinavyobaki, uliza vimetengenezwa na nini, kwa sababu nyama, asali, jelatini na mafuta ya nguruwe havimo kwenye hivyo 14. Supu ya mboga iliyopikwa kwa mchuzi wa kuku inaweza kupita bila alama hata moja. Chipsi nazo uliza mafuta. Baadhi ya maduka ya samaki na chipsi hukaangia mafuta ya ng'ombe. Maneno "huenda ikawa na maziwa" yanahusu chembe zinazoweza kuingia kwa bahati mbaya wakati wa kutayarisha, si kiambato, ila mwenye mzio asiyapuuze kamwe.