SOMO: Windows au Linux kwa programu za shule? Soma kabla ya kuja inbox

Wakuu, naandika mara moja tu. Nimechoka.

1. Nenda shuleni ukazione kompyuta kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliandika zoezi la hesabu la darasa la nne kwa Python 3.11, laptopu yangu Windows 11, nikalipaki kuwa exe (faili la programu la Windows, unabofya linafunguka), nikapanda basi Tabora mjini hadi Urambo. Kufika, mashine zote Windows 7. Nabofya, kinaruka kisanduku: api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo. Watoto wamebanana wawili wawili kwenye kiti, mwalimu mkuu kasimama mlangoni. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Na angalia biti: exe uliyopaki kwenye biti 64 haifunguki kwenye 32. USIAMINI ukiambiwa kwa simu "kompyuta zetu ni mpya".

2. Hujui utakuta nini? Andika kwa HTML na JavaScript, yaani ukurasa wa wavuti unaofunguka kwenye kivinjari, Windows au Linux; vyote folda moja kwenye flashi.

3. Mashine yako ya kuandikia iwe yoyote. VS Code, programu ya kuandikia msimbo, inakwenda kote.

4. Shule ikikubali kutoa Windows, weka Linux Mint Xfce, toleo jepesi la Linux. Nakili kwanza matokeo ya mitihani yaliyomo.

Maswali

— Mkuu, sasa Windows au Linux?
— Namba 1.

— Sijasoma yote, ila Python si ndiyo lugha bora?
— Soma yote.

— Kaka, maswali nimeyaweka kwenye faili la data la JSON. Kwangu yanatokea, kwenye flashi ukurasa mweupe. Nimekosea wapi?
— Hujakosea, dada. Kwako bila shaka unatumia Live Server, kiongezi cha VS Code kinachoufungua ukurasa kama uko kwenye seva. Kwenye flashi anwani inaanza na file://, na hapo Chrome inazuia fetch, amri ya JavaScript ya kusoma faili lako la JSON. Yahamishie kwenye faili la JavaScript, liite maswali.js, anza na var MASWALI = [ kisha lipakie kwenye ukurasa kwa tagi ya script ya kawaida. Ukiweka type="module" itagoma vilevile. Maktaba za mtandaoni zipakue ziwe ndani ya folda. Halafu jaribu kwenye Chrome 109, ndiyo ya mwisho kwa Windows 7.

— Huku Kasulu umeme ukikatika mtoto anaanza upya.
— Hifadhi kwenye localStorage (hifadhi ya kivinjari chenyewe) kila akijibu swali, si mwisho wa zoezi.

— Na flashi za shule zina virusi vya shortcut, folda zote zinajificha.
— Ifungulie kwenye Linux, zile shortcut haziamki. Folda zako utazikuta zipo.
— Kumbe! Mimi nilikuwa nafomati kila Ijumaa.