Jinsi ya kukagua na kuziba mianya ya usalama kwenye maktaba tegemezi

Unaongeza maktaba moja kwenye `package.json`, faili linaloorodhesha maktaba ambazo mradi wa JavaScript unazitegemea, kisha folda ya `node_modules` inajaa maktaba mia mbili. Moja umeichagua mwenyewe. Zilizobaki ni wageni wa mgeni wako, na mara nyingi mwanya hutokea upande huo. Ndiyo maana kazi hii haianzi na kuskani, yaani kutafuta mianya inayojulikana kwa chombo maalumu. Inaanza na kujua ni toleo lipi hasa linaloendeshwa kwenye seva, na nani amelileta.

Funga matoleo kwanza

Alama ya `^` mbele ya 1.2.3 inaruhusu toleo lolote kuanzia hapo hadi kabla ya 2.0.0; alama ya `~` inaishia kabla ya 1.3.0. Kwa hiyo mradi uleule ukisakinishwa leo na ukisakinishwa wiki ijayo unaweza kubeba msimbo tofauti bila mtu kugusa kitu. Kinachozuia hilo ni faili la kufungia matoleo: `package-lock.json`, `poetry.lock`, `Cargo.lock` au `composer.lock`. Lihifadhi kwenye Git pamoja na msimbo.

Kwenye mashine inayojenga programu tumia `npm ci`, si `npm install`. `npm ci` hulifuata faili hilo jinsi lilivyo, na hugoma lisipolingana na `package.json`; `npm install` inaweza kulibadilisha kimyakimya. Wa Python wanaotumia pip watengeneze orodha yenye alama ya utambulisho (hash) ya kila kifurushi kwa `pip-compile --generate-hashes`, halafu wasakinishe kwa `pip install --require-hashes -r requirements.txt`. Kifurushi kilichochezewa njiani kitakataliwa.

Skani kile kinachoendeshwa

Kila lugha ina chombo chake: `npm audit`, `pip-audit -r requirements.txt`, `composer audit`, `cargo audit`, na `govulncheck ./...` kwa Go. Mradi wenye lugha nyingi unafaa `osv-scanner`, inayosoma mafaili ya kufungia matoleo na kuyalinganisha na OSV, hifadhidata ya mianya inayojulikana.

Usiishie kwenye msimbo. Skani pia taswira ya kontena iliyokamilika (kifurushi chenye programu yako na mfumo inaouhitaji), kwa `trivy image` au `grype`, kwa sababu maktaba za mfumo kama OpenSSL, zlib na glibc huja na mfumo wa chini ya kontena, wala huwezi kuziona kwenye `package.json`.

Java ina mtego wake. `mvn dependency:tree` huonyesha maktaba zilizotajwa kama tegemezi tu. Maktaba iliyofungashwa ndani ya jar (faili la kifurushi cha Java) ya maktaba nyingine haionekani hapo. Desemba 2021, mwanya wa Log4Shell (CVE-2021-44228) kwenye Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo (log), ulipotangazwa, kutafuta mafaili yanayoitwa `log4j-core` kungeweza kutoa jibu safi huku darasa lenye kasoro, `JndiLookup`, limejificha ndani ya jar yenye jina jingine kabisa. Tumia chombo kinachofungua jar iliyo ndani ya jar.

Mwezi huohuo kiraka cha kwanza (toleo linaloziba mwanya), 2.15.0, kilifuatwa na 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, kila kimoja kikiziba kilichosalia au kilichogunduliwa baadaye. Maana yake msako uleule ulirudiwa tena na tena. Asiyetaka kuanza upya kila mara atengeneze orodha ya viambato kila anapojenga programu, `syft taswira-yako -o cyclonedx-json > viambato.json`, na aitunze pamoja na toleo hilo. Mwanya mpya ukitangazwa, `grype sbom:viambato.json` itamjibu bila kugusa seva hata moja.

Soma ripoti kwa jicho la programu yako

Alama za CVSS, kipimo cha uzito wa mwanya, huenda hadi 10: kuanzia 9.0 ni hatari kabisa, 7.0 hadi 8.9 ni kubwa. Lakini anayetoa alama hajui programu yako inafanya nini. Jiulize kwanza kama maktaba hiyo inafika kwenye seva inayohudumia watumiaji; `npm audit --omit=dev` huondoa zile zinazotumika wakati wa kutengeneza programu tu. Kisha angalia kama kazi (function) yenye kasoro inaitwa na msimbo wako. Hapo `govulncheck` ina faida kubwa, maana hufuatilia miito na kutenga mianya ambayo msimbo wako unaifikia. Mwisho, tazama kama wavamizi tayari wanautumia: orodha ya KEV ya CISA, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, hutaja mianya iliyothibitishwa kutumiwa, na mfumo wa alama wa EPSS hukadiria uwezekano wa mwanya kutumiwa ndani ya siku 30 zijazo. Mwanya wa 7.5 ulio kwenye KEV utangulie ule wa 9.8 ambao data ya nje haiufikii.

Tahadhari na jibu la “sisi hatuitumii sehemu hiyo”. Kwenye Log4j hakuna aliyehitaji kuita JNDI, huduma ya Java ya kutafuta vitu kwa majina, kwa mkono wake. Ilitosha kuandika kwenye log maneno yaliyotoka kwa mtumiaji. Ukiamua kuuacha mwanya, andika sababu, jina la aliyeamua na tarehe ya kuuangalia upya.

Pandisha toleo

Tafuta aliyeileta maktaba yenye mwanya: `npm explain jina-la-maktaba`, au `cargo tree -i` kwa Rust. Ikiwa uliichagua mwenyewe, pandisha toleo lake. Ikiwa imeletwa na nyingine, pandisha iliyoileta. Mwenye hiyo akiwa hajatoa toleo jipya, lazimisha:

```
"overrides": {
  "maktaba-ya-ndani": "2.4.7"
}
```

Yarn huita sehemu hiyo `resolutions`; Maven hutumia `dependencyManagement`. Endesha `npm install`, kisha `npm ls maktaba-ya-ndani` uhakikishe hakuna nakala ya zamani iliyobaki kwenye tawi jingine. Kulazimisha ni deni: maktaba mama haikujaribiwa na toleo hilo, kwa hiyo usivuke namba ya kwanza ya toleo kama unaweza kukwepa. JSON, muundo wa `package.json`, haipokei maelezo ya pembeni, basi andika sababu mahali pengine pa mradi, la sivyo mwaka kesho hakuna atakayethubutu kuufuta mstari huo.

Na `npm audit fix --force`? Iache. Inaweza kuruka hadi toleo lisilopatana na msimbo wako, au hata kukushushia maktaba kwenye toleo la zamani, ili tu ripoti iwe safi.

Kiraka kikiwa hakipo, zima kipengele chenye kasoro au uondoe msimbo wenyewe. Kwa Log4j njia mojawapo ilikuwa kulifuta darasa ndani ya jar: `zip -q -d log4j-core-*.jar org/apache/logging/log4j/core/lookup/JndiLookup.class`.

Baada ya majaribio, jenga taswira upya na uwashe upya huduma. Hatua hii husahaulika kuliko zote. Faili likibadilishwa kwenye diski, programu inayoendelea kufanya kazi bado inashikilia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu ya mashine (RAM). Kwenye Debian, `needrestart` hutaja huduma zilizo katika hali hiyo. Heartbleed, mwanya wa OpenSSL wa 2014, ilidai zaidi ya hapo. Kusakinisha OpenSSL 1.0.1g kuliziba tundu, lakini funguo za siri zilizoweza kuvuja kabla ya hapo zilihitaji kubadilishwa pamoja na vyeti vyake.

Maktaba iliyotiwa sumu

Skana hukamata kinachojulikana tu. Mwaka 2018 maktaba ya event-stream ilikabidhiwa msimamizi mpya, naye akaingiza flatmap-stream, iliyolenga pochi ya Bitcoin ya Copay. Mwaka 2024 mlango wa siri ulikutwa kwenye xz, programu ya kubana data, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kwa sababu mhandisi mmoja alishuku kuchelewa kwa takriban nusu sekunde anapoingia kwa SSH.

Kinga ya kwanza ni kutokimbilia matoleo ya kawaida yaliyotoka leo. Kwenye Renovate, chombo kinachopendekeza matoleo mapya chenyewe, weka `"minimumReleaseAge": "7 days"`, ila viraka vya usalama vipite bila kusubiri. Ya pili ni `npm ci --ignore-scripts`, inayozuia vifurushi kuendesha amri zao wakati wa kusakinishwa. Maktaba zinazohitaji kujengwa kwenye mashine zitagoma kufanya kazi. Zipe ruhusa moja moja kwa `npm rebuild jina-la-maktaba`.

Kifurushi chenye sumu kikishasakinishwa, kupandisha toleo hakutoshi. Chukulia kila siri iliyokuwa kwenye mashine hiyo imeibwa: tokeni za npm na Git, funguo za SSH, nywila za hifadhidata. Batilisha zote ukitumia mashine nyingine, kisha futa ile iliyoathirika na kuisakinisha upya kabla ya kuingiza siri mpya.