Kabla mteja wa mkopo hajakupeleka mahakamani: mambo ya kuzingatia

Ukikopesha watu hapa Moshi, hata kama ofisi yako ni chumba kimoja Mbuyuni, ipo siku mteja atakushtaki. Jipange mapema.

Leseni kwanza. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha bila kupokea amana yuko daraja la pili, na leseni yake hutoka Benki Kuu. Kama huna, acha kukopesha leo, mengine utasoma baadaye.

Mkataba uwe wa Kiswahili, riba na makato yote yaandikwe, mteja aondoke na nakala yake. Marejesho yapitie namba ya kampuni tu. Afisa mikopo akipokea kwa simu yake, utakayeulizwa ni wewe. Na huu mchezo wa kumwanika mdaiwa kwenye magrupu ya WhatsApp, komesheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 itakuongezea kesi ya pili.

Sasa samansi, yaani karatasi ya mahakama inayokuita kujibu kesi. Nilikuwa meneja wa kampuni moja ya mikopo hapa mjini. Mama muuza ndizi akatushtaki kwamba tumebeba friji lake ilhali deni kalimaliza. Hakuwa amelimaliza, marejesho mawili yalikuwa bado na daftari tulikuwa nalo. Tarishi wa mahakama alikuja mimi nikiwa Arusha. Dada wa mapokezi akasaini, akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaibana kwenye klipu ya bili za maji. Simlaumu, hakuna aliyewahi kumwambia ile ni karatasi ya namna gani.

Niliikuta siku tuliyotishiwa kukatiwa maji, natafuta bili. Nikahesabu kwa vidole kuanzia tarehe ya muhuri wetu wenyewe: siku ya 26. Utetezi wa maandishi unatakiwa ndani ya siku 21 tangu upokee samansi. Wakili akasema bado kuna upenyo, nyongeza ya muda huombwa hadi siku 7 baada ya hapo, ila uwe na sababu ya msingi. Tukaandaa ombi na kiapo cha maandishi usiku huohuo. Hakimu aliuliza swali moja tu: "Huu muhuri ni wa nani?" Ombi likatupwa, kesi ikasikilizwa upande mmoja, daftari letu zuri likabaki kabatini. Tukalipa friji na gharama.

Kwa hiyo teua mtu wa kupokea karatasi za mahakama, na wa akiba asipokuwepo. Samansi ipigwe picha na imfikie wakili siku hiyohiyo. Siku zihesabiwe tangu ilipopokelewa, si tangu bosi aliposoma.

Ukishaipata usimpigie mteja simu kumtisha. Usiguse daftari hata kama limekosewa. Risiti za mashine zitoe kopi mapema, wino wake hufifia. Na mlinzi naye afundishwe, maana kuna siku tarishi atamkuta yeye peke yake getini.