Kadi mbili za grafiki: prosesa gani, pawa saplai wati ngapi

Machalii wa Arusha mnaotaka kufunga kadi mbili, angalieni kwanza gemu mnazocheza, maana NVIDIA, watengenezaji wa kadi, waliacha kuongeza profaili mpya (mipangilio ya kila gemu) za SLI, ile teknolojia yao ya kufanya kadi mbili zifanye kazi pamoja, tangu Januari 2021, kwa hiyo gemu nyingi za sasa kadi ya pili inakaa tu inakula umeme. Mi ningechukua moja kubwa.

Haya, bado unataka? Tuseme umepata GTX 1080 Ti mbili za mtumba. Prosesa ya Ryzen 7 5800X inatosha kabisa ila cheki madabodi kwanza, lazima igawe leni 16 za prosesa (njia za data kwenda kwenye kadi) ziwe 8 kwa 8, sababu SLI haikubali chini ya hapo, madabodi za B450 za bei rahisi hapo zinafeli.

Sasa umeme, hapa ndo wengi wanachemka. Kadi moja wati 250, mbili 500, prosesa ikikazwa inafika kama 142, weka na 60 za feni na diski, unagusa 700. Usinunue ya 750 ukajisifu umebana matumizi, hizo kadi zinaruka juu ghafla mashine inazima katikati ya mechi, chukua ya wati 1000 yenye daraja la Gold (haipotezi umeme mwingi). Kila kadi ivutie kebo zake toka kwenye pawa, usigawe kebo moja yenye vichwa viwili kwa kadi mbili.

Walioko Moshi, lile joto mnalijua, achieni nafasi kati ya kadi. Na ile UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 haibebi huu mzigo, umeme ukikata inazima na yenyewe.