Namna ya kuzipima nadharia za nafsi na mwili kwa jino moja linalouma

Anayeanza falsafa ya akili hukabidhiwa msururu wa majina yanayoanza na u-: uwili, uyakinifu, uamilifu, udhanifu. Ukiyakariri tu, yatachanganyika kabla ya mtihani. Afadhali kuchukua tukio moja dogo na kulipitisha katika kila nadharia. Jino bovu linatosha.

Andika sentensi tatu kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, na uache mistari miwili mitupu kati yake:

1. Jino limetoboka hadi kwenye kiini, na neva inapeleka ishara ubongoni.
2. Inauma.
3. Mkono unakwenda shavuni.

Ugomvi wote umo katika ile mistari mitupu. Ukisoma nadharia yoyote, uliza: inajazaje nafasi ya kutoka 1 kwenda 2, na ya kutoka 2 kwenda 3?

Kabla ya kuanza, safisha maneno, maana Kiswahili kina mtego wake hapa. Roho, moyo, nafsi, akili na fahamu hupokezana kazi katika mazungumzo: tunawaza moyoni, na roho ndiyo inayouma tukionewa. Mgonjwa aliyepoteza fahamu amezimia, lakini fahamu inayobishaniwa hapa ni jinsi maumivu yenyewe yanavyohisika kwa mwenye jino. Chagua neno moja kwa kila dhana na usilibadilishe katikati ya insha. Makosa mengi ya wanafunzi huanzia hapo.

Anza na uwili. Kwa René Descartes (1641) mwili una urefu na upana, ilhali nafsi inafikiri na haina ukubwa wowote. Kwa hiyo sentensi ya 1 na ya 3 ni za mwili, ya 2 ni ya nafsi. Bonyeza nafasi ya pili. Mei 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia akiuliza kitu kisicho na umbo wala mguso kinausukumaje mwili. Mwaka 1649 Descartes alionyesha tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, tezi ya pineali. Hilo linajibu wapi, halijibu vipi.

Usiukatae uwili kwa hoja ya sindano ya ganzi, ingawa wengi huikimbilia. Ganzi huzuia ishara kwenye neva. Mtetezi wa uwili atakwambia umekata waya tu. Hujaonyesha kwamba anayepokea simu ni ubongo.

Lakini uwili nao una hoja ya kuchunguzwa kwa karibu. Ibn Sina, aliyefariki 1037, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa ghafla akielea hewani, haoni kitu, viungo vyake havigusani. Hana habari ya mwili wake, ila anajua kwamba yupo. Wengi huruka hapo hapo: basi nafsi si mwili. Polepole. Unaweza kuijua nyota ya asubuhi usijue kwamba ndiyo ile ya jioni, na zote mbili ni sayari moja, Zuhura. Kujua kimoja bila kingine hakuvifanyi kuwa viwili. Ukumbuke mfano huu, utauhitaji tena.

Sasa geukia uyakinifu. U. T. Place (1956) na J. J. C. Smart (1959) walisema hisia ndiyo shughuli ya ubongo yenyewe, kama vile radi ilivyo umeme tu unaotoka mawinguni. Sentensi ya 2 inamezwa na ya 1. Nafasi zimejaa vizuri, mpaka aingie pweza. Ana seli za neva takriban milioni 500, zaidi ya nusu zikiwa mikononi, na ubongo wake haufanani na wetu. Kama maumivu ni hali fulani ya ubongo wa binadamu, pweza haumwi, jambo gumu kulikubali. Kwa mfano huohuo wa pweza, Hilary Putnam (1967) alitetea uamilifu: maumivu ni chochote kinachofanya kazi ile, kinachochochewa na jeraha na kumfanya kiumbe ajikinge. Uulize uamilifu swali moja: roboti iliyopangiwa kazi hiyo yote inaumwa?

Mbane myakinifu kwa njia ya Frank Jackson (1982), ila kwa jino letu. Daktari wa meno anayejua kila kitu kuhusu neva lakini hajawahi kuumwa jino: siku linapomuuma, anajifunza jambo jipya? Ukisema ndiyo, usihitimishe kwamba uyakinifu umeanguka. Rudi kwa Zuhura. Huenda amelijua jambo lilelile kwa njia nyingine. Anayeikubali hoja ya daktari huyu na kuikataa ile ya mtu wa Ibn Sina, au kinyume chake, ana upendeleo.

Udhanifu wa George Berkeley (1710) unageuza karatasi yote: hata jino ni mkusanyiko wa mambo yanayohisiwa. Kupiga jiwe teke ili kuonyesha kwamba lipo hakumkanushi, maana uchungu wa kidole nao ni hisia. Mbane kwa swali hili: jino lilikuwa likioza wapi kabla hujahisi chochote? Berkeley hujibu kwamba Mungu alikuwa akiliona. Amua kama unaikubali gharama hiyo.

Ukikutana na wale wanaosema kila chembe ya maada ina hisia kidogo, nafasi ya kwanza itaonekana imezibwa. Waulize basi hisia za chembe zote hizo zinaungana vipi kuwa uchungu mmoja wa jino moja.